Galoni Kumi za Lori la Prokopchuk

Stefania Prokopchuk, ambaye kijiji kizima cha Zoria kilimwita Stefka, alijua kuendesha trekta kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Alikuwa binti wa tano katika nyumba isiyo na mtoto wa kiume, na baba yake hakuwa na muda wa kuchagua kazi ipi ni ya nani. Kisha akaolewa na Bohdan, akahamia shamba la wakwe zake, na huko akakuta kila kitu kina mwenyewe. Mashine ya kuvunia ilikuwa ya Bohdan. Lori lilikuwa la baba mkwe, mzee Metro. Jiko likawa lake.

Hakuona vibaya. Alipenda kupika, na mikono yake ilikuwa na baraka. Lakini kila mwezi wa nane, lori lilipotoka uani limejaa ngano kuelekea ghala la kando ya reli, na vumbi likabaki limesimama barabarani kwa dakika nzima, moyo wake uliondoka nalo.

"Baba, mwaka huu niachie japo safari moja," alikuwa akisema.

"Nikuachie lori, halafu vitunguu avikaange nani? Bohdan? Tutakufa wote kabla ya ngano kuisha."

Miaka kumi na minne ombi lilikuwa lile lile, na jibu lile lile.

Kiangazi cha mwaka 1979 waliuza lori la zamani la petroli wakanunua la dizeli, kutoka kwa mkulima wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Wamarekani, huko Dakota Kaskazini. Injini yake ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala. Lilikuja na kitabu chake kilichojaa alama za vidole vyeusi, na mzee Metro akakisoma kila siku baada ya chakula, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, ila hilo hakuna aliyeruhusiwa kulisema.

Mavuno yalipangwa kuanza Alhamisi. Jumanne asubuhi mzee na Bohdan waliingiza lori kwenye banda la mashine, sakafuni palipo sawa, wakaliacha lingurume kidogo oili ipate moto, kisha wakafungua nati ya chini. Oili chakavu ikashuka nyeusi kama lami, ikajaza karai mbili. Wakabadilisha chujio, wakarudisha nati, na mzee akaanza kumimina oili mpya.

Oili yenyewe ilikuwa kwenye makopo ya galoni moja moja. Serikali ilikuwa imeanza kuhamisha nchi nzima kwenye lita, na mzee Metro alikuwa amejihami kwa kununua makopo ya galoni ya kutosha kumzika nayo.

"Lita ni kipimo cha watu wa mjini," alimwambia Bohdan. "Mtu unanunua kitu huelewi umepata au umeibiwa."

Stefka aliingia na sahani ya pirohi, vifuko vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, wakati kopo la nane linaisha. Aliwakuta baba na mwana wamesimama wakikodolea macho kijiti cha kupimia oili, kama watu walioletewa barua kwa lugha wasiyoijua.

"Kuna nini?"

"Kijiti kimepinda," alisema mzee.

"Hakijapinda, baba," alisema Bohdan.

"Basi kimechoka! Nimetia galoni nane. Kitabu kinasema kumi, pamoja na chujio jipya. Kijiti kinasema limejaa. Mmoja wao ni mwongo, na kitabu kimeandikwa na watu waliosoma."

"Labda oili ya zamani haikutoka yote."

"Ilitoka mpaka tone la mwisho, nilikuwa nimelala pale chini naitazama! Nipe kopo la tisa."

Bohdan hakulitoa. Jirani yao wa kusini aliwahi kuzidisha oili kwenye lori lake. Vyuma vya ndani viliipiga ile oili ya ziada mpaka ikafanya povu, povu likashindwa kulainisha kitu, na yule bwana akavuna mwaka mzima kwa lori la kuazima. Lakini oili ikipungua ni msiba pia. Bohdan alijua yote mawili, ndiyo maana alibaki amekumbatia kopo kama mtoto mchanga.

Stefka aliweka sahani juu ya tairi la akiba. Akachukua kitabu, akakigeuza nyuma, akasoma mahali kilipochapishwa. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka ikabidi ashike mlango wa lori.

"Na huyu naye kapatwa na nini?" aliuliza mzee.

"Baba, unakumbuka keki ya asali niliyokupikia mwaka wangu wa kwanza hapa?"

"Ile niliyoila kwa kijiko? Nitaisahauje! Nilikwambia ni supu tamu sana."

"Ulisema mbele ya wageni. Nililia siku mbili. Maelezo alinitumia shangazi Paraska, kutoka Minnesota. Painti moja ya malai, aliandika. Nikatia painti moja, ya kwetu. Baadaye nikaja kujua painti ya Wamarekani ni ndogo kuliko yetu." Akapiga kile kitabu kwa kidole. "Hiki nacho kimechapishwa kwao. Na galoni ni painti nane, huku na huko. Sasa niambie, galoni yao itakuwaje?"

Bohdan alianza kutabasamu pole pole.

"Galoni ni galoni," alisema mzee Metro, ingawa sauti ilikuwa imepungua.

"Subiri hapo. Na usitie kitu!"

Alikimbia jikoni, akarudi na ndoo ya maji na mtungi wa kioo wa kuhifadhia matango, mmoja wa ile aliyoletewa na shangazi yake, wenye kipimo cha robo galoni ya Kimarekani. Akachukua kopo tupu la oili, akaliweka sakafuni mbele ya viatu vya baba mkwe wake.

"Hesabu mwenyewe, baba. Nisije nikaambiwa nimeiba."

Akajaza mtungi mpaka kwenye mstari, akamimina. "Mmoja," alisema mzee. Akamimina tena. "Wawili. Watatu." Ulipoingia wa nne, mzee alipiga goti, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maji hayakufika juu. Akachovya kidole, akapima ile nafasi iliyobaki.

"Imepungua sehemu moja ya sita," alisema Stefka. "Galoni zao kumi kwetu ni nane na theluthi. Umeshatia nane. Kijiti hakijadanganya, na kitabu hakijadanganya."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi."

"Wewe una haraka tu."

Waliliwasha lori dakika tano, chujio likanywa sehemu yake, wakalizima, wakala pirohi huku oili ikishuka chini. Kisha Bohdan akafuta kijiti, akakichomeka, akakichomoa. Oili ilikuwa imeshuka kidogo chini ya alama ya juu. Stefka akamimina theluthi ya kopo la tisa, taratibu. Kijiti kikatoka na oili imesimama juu ya alama, safi, rangi ya asali.

Mzee Metro alikitazama kwa muda mrefu, amekiinua karibu kabisa na pua. Halafu akampa Bohdan kijiti, akaingiza mkono mfukoni.

"Mkwe wangu, ningetia kumi. Ningeiua injini hii kabla ya mzigo wa kwanza." Akatoa ufunguo. "Tena nikwambie jambo, na wewe Bohdan usijifanye husikii. Mwaka jana kule barabarani nilikuwa naona maghala mawili palipo na moja, nalenga katikati. Chukua."

Stefka alimbusu mzee mashavu yote mawili, akamwachia alama ya oili kwenye moja.

Alhamisi saa nane mchana alikuwa kwenye foleni ya malori mbele ya ghala la kando ya reli, kitambaa chekundu kichwani, kiwiko nje ya dirisha, ngano tani nane mgongoni. Alikuwa amebadilisha gia njia nzima bila kukwaruza hata moja, na kwenye kilima cha kanisa alikuwa ameimba kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuna wa kumsikia. Zamu yake ilipofika, mpima mizani alichungulia ndani ya lori, akatazama kiti cha pili, akatazama tena usukani.

"Stefka! Mzee Metro yuko wapi leo? Anaumwa?"

"Mzima kabisa," alisema Stefka, akisogeza lori juu ya mizani. "Yuko nyumbani anakaanga vitunguu."