Msumari wa Sebuleni

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimelala juu ya magunia Kambove, nimeuza chumvi kwa kijiko, na leo nina maduka matatu Kikula bila kumaliza darasa la tano. Lakini juzi mafundi walipofungua kopo la rangi ya mafuta katika duka la pili, na mwanangu akabandika mlangoni karatasi ya "Tumefunga kwa muda", ile harufu na yale maneno vilinikalisha kitako juu ya kreti ya bia.

Baba alifanya kazi kwenye tanuru la shaba. Jumapili, baada ya misa, alichora. Alitandaza kitambaa cha gunia la unga juu ya mbao nne, akapaka rangi iliyobaki baada ya kupakwa milango ya kampuni. Mama alipofariki hatukuwa na foto yake hata moja, basi Baba akamchora kutoka kichwani: kitenge cha kijani, sinia ya samaki wakavu, na lile pengo la meno alilozoea kulificha kwa mkono. Akamtundika sebuleni, chini kidogo ya foto ya Rais, maana juu ya Rais hakuna aliyepanda.

Madame Elen, Mmarekani mwenye nyumba ya maonyesho ya picha kule mjini, alimwona Mama pale ukutani akamtaka. Baba alikataa kumuuza, akamwazimisha. Madame akamweka mkabala na mlango. Mimi, mtoto wa miaka saba, nilisimama pale kifua mbele nikiwaambia wageni, "Ule ni mama yangu." Majivuno yangu yalianzia hapo, sitaficha.

Jumapili moja tukakuta mlango umefungwa, na karatasi: mwezi mmoja, wanapanga picha upya.

"Kupanga upya njo nini, Baba?"

"Ni sawa mama yako alikuwa anafanya na viti siku ya Noeli. Anatosha byote inje, kiisha anarudisha bizuri."

Nikaridhika: vinatolewa nje, kisha vinarudishwa. Kila Jumapili tulikwenda kuchungulia, Baba kapiga viatu rangi. Nyumbani, ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, ulibaki na mraba mweupe, na msumari katikati. Shangazi alitaka kutundika kalenda.

"Acha pale!" Baba akamkemea. "Ni kiti ya mwenyewe."

Jirani yetu Ngoie naye hakukosa la kusema. "Ee musanii! Bibi yako amekukimbia mara ya pili?" Uwanja mzima ukacheka. Baba naye akacheka, lakini kwa kuchelewa.

Mwezi mmoja ukawa miezi minne. Siku walipofungua, kuta zilikuwa nyeupe, taa mpya zikimulika vinyago na vikapu. Mama hakuwepo. Madame Elen alimshika Baba mkono kwa mikono yote miwili, akaeleza kwamba mpango umebadilika, picha iko stoo, zamu yake itafika.

"Merci, Madame," Baba akasema. Akauliza neno moja tu: kama ile stoo inavuja.

Njiani nilimuuliza Mama yuko wapi.

"Anapumuzika," akasema. "Amechoka kuangaliwa."

Nikaamini. Nikajisifu shuleni kwamba mama yangu ana chumba chake kwa Wamarekani. Baadaye Madame alirudi kwao, nyumba ikauzwa na vyote vilivyokuwemo. Baba naye akazeeka, akafa, msumari ungali ukutani.

Mwaka jana nilimkuta Mama mjini kwa muuza makabati, nyuma ya kitanda kibovu, nusu ya sinia imeliwa na unyevu. Yule bwana aliusoma uso wangu akapandisha bei mara mbili. Mimi, ninayebishana hata bei ya jeneza, nikalipa yote.

Nikiwa juu ya pikipiki, nimempakata, ndipo nilipomwelewa Baba. Angeomba picha siku ile, angepewa palepale. Lakini mimi ningeona kwamba Mama amekataliwa, ametolewa ukutani kwao. Akakubali yeye mwenyewe amkose, ili mimi nisijue.

Msumari, sebuleni kwa Baba, nilikuta bado umeshika. Mama, pamoja na nauli ya pikipiki: dola mia mbili kumi na saba.