Feni ya Babu na Isale la Mpakani

Babu alipofariki aliacha pikapu moja kuukuu na wana wawili wanaoitaka. Baba yangu ndiye mkubwa. Baba mdogo ndiye kitinda mimba, na kwetu Uchaggani kitinda mimba hurithi nyumba ya baba yake na vilivyomo. Sasa gari lililoegeshwa uani limo au halimo? Waligombana mwaka mzima, mpaka bibi akaogopa kuwakalisha pamoja jikoni kwa sababu ya visu.

Jumamosi moja ya likizo walikubaliana jambo moja tu: gari liwashwe kwanza. Likawaka. Lakini feni ya mbele ya injini, ile inayopoza rejeta, ilikuwa inayumba, ikatikisa boneti nzima mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Baba akazima, akaifungua feni, akailaza juu ya jiwe na kuanza kuinyoosha kwa nyundo. Baba anapiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Anampiga ng'ombe akisita kuingia bandani, anaipiga redio ikikoroma, anatupiga sisi. Kila panga la feni alilikunja, akalikunjua, akalipiga tena.

"Unaliua gari la mzee," baba mdogo akasema.

"La mzee? Jana si ulisema lako?"

"Lako ni hilo domo, kaka."

Mimi nilipewa kufuta grisi na kushika boliti nne. Nilipokuwa nafuta pale feni inapofungwa, niliushika mhimili wa pampu ya maji nikautikisa. Ukacheza. Kok, kok. Babu alishanifundisha: feni ikiyumba usiipige, tikisa mhimili, ukicheza, beringi imekwisha. Kwa hiyo nilijua. Kusema ndiko kunakonishinda. Niko kidato cha tatu na bado mwalimu akiniuliza ninachokijua naangalia viatu vyangu.

"Baba, nadhani..."

Kofi likaja kabla sijamaliza.

"Boliti!"

Nikampa boliti.

Akafunga feni, akaingia ndani ya gari, akawasha na kukanyaga mafuta. Baba mdogo alikuwa ameinama juu ya injini. Nilitaka kumvuta shati. Sikumvuta.

Panga moja, lililochoka kwa nyundo, likakatika. Sikuliona likiruka. Nilisikia mlio wa bati linalopasuka, kisha mvuke ukafunika kila kitu, kisha nikamwona baba mdogo amekaa chini, ameushika mkono, damu inapita katikati ya vidole. Rejeta ilikuwa imetoboka na maji ya moto yanamwagika miguuni kwake.

Akainuka na spana ya magurudumu.

"Umekusudia!"

"Nani kakwambia uingize kichwa humo?"

Pigo la kwanza lilivunja taa. La pili lilimpata baba begani akishuka garini, nikasikia mfupa. Baba akamkaba, wakaanguka kwenye matope, baba juu, akimgongesha kichwa kwenye bampa. Akamgongesha tena. Baba mdogo akamng'ata kidole. Bibi akapiga yowe mlangoni: "Isale! Leteni isale, wanauana!"

Kwetu mtu akikuinulia jani la isale, mmea wetu wa kuombea amani, humkatalii, hata kama amemuua ndugu yako. Unaacha ulichoshika, unamsikiliza. Nikakimbilia lililokuwa karibu nikavuta jani. Mikono ilikuwa na grisi, jani likaniponyoka. Nikakumbatia mche wote nikavuta kwa nguvu zangu zote, ukang'oka na mizizi yake. Nikarudi mbio nikauinua juu yao, udongo ukawadondokea usoni.

Wakaacha. Baba alikuwa bado ameshika shingo ya mdogo wake. Waliutazama mche, kisha wakatazama nilikotoka.

"Umeutoa wapi?" baba akauliza.

Nikaonyesha kwa kidevu.

Nilikuwa nimeng'oa mpaka. Isale hilo ndilo lililotenga kihamba cha baba, shamba lake la migomba, na kihamba cha babu, na babu alilipanda kwa mkono wake. Anayeng'oa isale la mpakani ni mwizi wa ardhi, na watu wameshakatana mapanga kwa ajili hiyo.

"Kaka, umemtuma!" baba mdogo akakoroma.

"Nimtume saa ngapi, mjinga wewe, na hapa nakukaba?"

Wakainuka. Wakanishika huku na huku, wakaniburuta mpaka kwenye shimo, na hapo wakaanza upya: ni hapa, si hapa, ni hatua moja chini. Baba alipiga magoti akachimba kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuinuka. Damu ya baba mdogo ilidondokea udongoni. Mimi nilishikilia mche. Nilijua nitapigwa hata nikinyamaza, basi nikasema.

"Ni beringi ya pampu ya maji. Nilijua tangu asubuhi."

Baba akainua ule mkono mzima.

"Ngoja," baba mdogo akasema. "Atuonyeshe kwanza. Utampiga baadaye."

Nikawaonyesha. Baba mdogo akatikisa mhimili. Baba akatikisa. Walitazamana, na hakuna aliyeomba radhi. Nilipigwa baadaye, kama walivyopanga, makofi mawili ya mkono wa kushoto.

Pampu niliifungua mwenyewe, kwa sababu wao walikuwa na mikono miwili mizima kati yao. Baba akaitia kwenye kiroba, wakateremka Kiboriloni kwa miguu kushonwa mkono, kutazamwa bega na kutafuta beringi. Bibi aliwasihi waende mmoja mmoja, wakakataa. Nilisimama naye njiani tukisikiliza kama watapigana tena. Walitukanana mpaka kona ya kanisa, matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, juu ya nani atashika usukani gari likipona. Hatukusikia kishindo.