Presha ni Presha

Mama yangu aliitwa mwenye maringo kabla hajaitwa kipofu. Lile la kwanza ndilo lililomuuma zaidi, na linaniuma na mimi hadi leo, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo.

Tunaishi mtaa wa Mowlem, nyumba ya chini, na mama alikuwa ameweka cherehani yake barazani, karibu na lango la ploti. Alishona sare za shule, akabadilisha zipu, akapunguza suruali za watu. Aliyeingia alimpitia na aliyetoka alimpitia, na kwetu mtu hampiti mwenzake bila salamu. Rafiki yake mkubwa alikuwa mama mboga aliyeuza hatua chache tu kutoka hapo, upande wa kushoto wa cherehani. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakiazimana chumvi na kusengenya wapangaji. Jioni moja nikitoka kazini, mama mboga akanisimamisha.

"Mama yako siku hizi anajiskia," aliniambia. "Leo nimemsalimia mara tatu. Amenipita tu hivi, kama hakuna mtu. Kama nimemkosea si aseme?"

Nikaenda moja kwa moja kwa mama. Akasema hakumwona.

"Hukumwona, ama hukutaka kumwona?" nikamuuliza. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, na maswali ya aina hiyo nimeyasikia mpaka yamenikaa mdomoni. Mama alichukua sindano, akalamba ncha ya uzi, akautia tunduni mara moja bila kuhangaika. Mimi niliyekuwa na miaka thelathini na kitu ningejaribu mara nne. Basi nikajiambia, mtu anayetunga uzi hivi ana shida gani ya macho? Ana shida ya moyo. Nikamwambia aende akaombe msamaha, na akaenda, maskini, akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya.

Sasa najua kwamba ugonjwa ule ndivyo ulivyo. Hauumi, hauwashi, hautoi machozi. Unakuachia pale katikati, unakuachia tundu la sindano na uso wa mteja aliyesimama mbele yako, halafu unakula pembeni polepole. Wanaosema macho hayana pazia hawajauona. Pazia la mama lilikuwa likifungwa kutoka pande zote mbili, na sisi tuliosimama nyuma ya pazia tukamkasirikia kwamba yeye hatuoni.

Baada ya hapo alijikwaa kwenye beseni la jirani aliyekuwa akifua koridoni, akaanguka na kuteguka mkono. Jirani akasema beseni limekuwa likikaa pale pale miaka yote. Ndipo hata mimi nikaingiwa na wasiwasi kidogo, na Jumamosi iliyofuata, kulipokuwa na kambi ya bure ya macho katika ukumbi wa kanisa, nikampeleka.

Laini ilizunguka ukumbi. Wazee wengi walikuja kutafuta miwani ya kusomea, na mimi nilidhani mama naye ataambiwa hivyo hivyo. Daktari alikuwa kijana mdogo, amechoka, sauti imemkauka kwa kurudia maneno yale yale tangu asubuhi. Alimwangalia mama kwa taa, akamtia matone, akamweka kidevu kwenye mashine, akaangalia tena. Kisha akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi:

"Mama ako na presha ya macho. Nimempa dawa ya matone, tone moja kila jicho kabla ya kulala. Asiache hata akiskia poa. Na wiki ijayo mmpeleke kliniki ya macho, hii si kitu ya kukaa nayo nyumbani."

Akamwita mwingine. Nadhani hatukukaa naye dakika nne.

Nilitoka pale nimefarijika. Presha tuliijua. Mama alikuwa na presha ya damu tangu baba alipofariki, alikuwa na vidonge vyake, alikuwa na kadi yake. Nilielewa kwamba presha imepanda hadi ikafika machoni, na kwamba dawa yake ni kuishusha huko ilikoanzia. Hakuna mtu aliyenidanganya. Niliyafikiria mwenyewe, na nikayaona ni mambo ya maana kabisa.

Nje ya ukumbi mama akaniuliza, "Hii presha ya macho na ile yangu ni kitu kimoja?"

"Ni hiyo hiyo," nikamjibu.

Tukatembea kidogo. Akasimama. "Lakini mbona amenipa dawa ingine?"

"Mama, presha ni presha," nikasema. Nilisema kwa ile sauti ambayo watoto waliosoma huitumia kwa wazazi wasiosoma, ile isiyo ya kelele lakini inayofunga mlango. Hakuuliza tena.

Naomba msomaji aelewe kazi yangu, ndiyo ajue ukubwa wa ujinga wangu. Shahidi akisema "alinigonga", mimi siwezi kutafsiri tu. Lazima niulize, alikugonga kwa mkono au kwa gari? Akisema "mjomba", nauliza, ndugu wa mama au mtu mzima tu wa mtaani? Nimewahi kumsimamisha hakimu kwa sababu ya neno moja. Nalipwa kwa kutoamini kwamba neno ni lile lile kwa sababu linasikika vile vile. Halafu likaja neno moja la mama yangu mwenyewe, nikalipitisha bila swali. Mganga hajigangi, lakini angalau mganga hujiumiza mwenyewe.

Ile chupa ya matone ilipoisha hatukununua nyingine. Kliniki hatukwenda. Badala yake tulikuwa tukienda duka la dawa pale karibu, anafungwa ule mkanda mkononi, unajaa upepo, na yule dada anasema, "Presha iko sawa kabisa, mathee, endelea hivyo hivyo." Tukirudi nyumbani mimi ndiye niliyetangaza habari njema, kwa majivuno, mama mboga naye akisikia.

Na kuendelea tuliendelea. Niliingia kwenye simu nikasoma habari za kutunza macho kwa njia za asili, nikawa mhubiri. Chumvi nikaipunguza mpaka chakula kikawa hakina ladha. Kitunguu saumu kibichi, kimoja kila asubuhi. Nilinunua blenda kwa ajili ya karoti tu. Mama alikunywa sharubati ya karoti asubuhi na jioni mpaka viganja vyake vikawa na rangi ya manjano, na wapangaji wakamtania kwamba anageuka kuwa karoti yenyewe. Yeye alicheka, akanywa. Nilimfundisha kufumba macho na kuyafunika kwa viganja vilivyosuguliwa, na kukodolea macho kitu cha mbali kisha cha karibu. Alifanya yote. Hakuna mgonjwa mtiifu kama yule aliyeambiwa na mwanawe.

Halafu kulikuwa na yule mzee wa dawa za asili, mwenye meza na spika karibu na steji ya matatu. Spika ilikuwa ikirudia sauti yake siku nzima: macho yanawasha, macho yana ukungu, macho yanatoa machozi, dawa iko hapa. Alituuzia kichupa cha asali iliyochanganywa na maji ya majani fulani, ya kudondoshea machoni. Mama alilalamika inachoma kama pilipili. Tulipomrudia mzee, akasema, "Ikichoma ndiyo inafanya kazi, mama. Huo ni uchafu unatoka." Tukaenda zetu tumeridhika. Mama akavumilia majuma matatu, macho mekundu, akiamini uchafu unatoka.

Simlaumu sana yule mzee. Ningependa kumlaumu, nimejaribu. Lakini asali yake haikuua mshipa wa jicho la mama, na karoti zangu pia hazikuuua. Karoti ni chakula kizuri, na anayetaka kula ale. Kosa la karoti ni kwamba zilitupa shughuli. Kila asubuhi blenda ilipokuwa ikipiga kelele, tuliona tunafanya jambo, na kumbe siku zilikuwa zikienda na jambo lenyewe halijafanywa.

Kazi ikaanza kumharibikia. Mteja alirudisha sweta ya mwanawe, ukingo wa upande mmoja haukushonwa, nyuzi zinaning'inia. Mama akasema alishona. Aliweka chaki mezani, akaipapasa huku akitazama mbele, na chaki iko pale pale kushoto kwake. Nikamwambia apumzike, anazeeka. Hilo nalo lilikuwa jibu langu la busara.

Siku ya kuujua ukweli ilipofika ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeshatoka. Mama alikuwa akinawa uso barazani, sabuni ikamwingia jicho la kulia. Akalifunika kwa kiganja, akabaki ameinama.

"Stima imepotea?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake na taulo. Nikamwambia, "Mama, ni saa nne asubuhi. Tuko nje."

Aliondoa kiganja, akakirudisha, akakiondoa tena. Kisha akafunika lile jicho jingine. Nilimtazama akifanya hivyo mara nyingi sana, maji ya sabuni yakimdondoka kidevuni, na nikaelewa kabla hajaniambia kwamba jicho la kushoto halioni kitu.

Kliniki tulikwenda siku ile ile. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole kuliko nilivyostahili. Alichukua muda wake. Alituambia jina la ugonjwa ni glakoma, na kwamba watu huiita presha ya macho kwa sababu jicho lina maji yake ndani, na maji yale yasipotoka vizuri yanasukuma mshipa wa kuonea mpaka unakufa.

"Ya damu tunaipima kwa mkono," alisema. "Hii tunaipima kwa jicho lenyewe. Mtu anaweza kuwa na moja na hana nyingine. Hazijuani." Kisha akaniuliza, "Hamkuwahi kuambiwa?"

"Tuliambiwa presha," nikasema.

Akaniangalia kidogo. Nadhani alikuwa ameshawahi kusikia jibu hilo kwa watu wengine, kwa sababu hakushangaa. Aliandika tu. Alisema la kushoto limeshakwenda, na kilichokwenda hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. La kulia limebaki na uwazi mdogo katikati, na matone yatajaribu kuulinda huo. Akasema pia ugonjwa huu hutembea katika familia, kwa hiyo na mimi nipimwe. Nilipimwa. Macho yangu ni mazima, na sikuweza kufurahi.

Cherehani ilihamia ndani, ikafunikwa kitambaa. Mtaa ukabadilisha wimbo. Wale waliosema anajiskia wakaja na pole zao na mikate yao, kila mmoja akisema aliona dalili mapema. Mama mboga alilia sana, na angalau yeye alisema wazi kwamba anajuta. Sasa akipita hutaja jina lake mwenyewe kwanza, kisha ndiyo asalimie.

Lakini lililonichoma kuliko yote ni mama mwenyewe. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa habari ile ile: binti yangu huyu ndiye aliyenipeleka kambi ya macho, binti yangu ndiye aliyenisagia karoti, binti yangu ndiye aliyenikimbiza hospitali, bila yeye hata hiki kidogo nisingekuwa nacho. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda hivyo. Watu wakageuka kunitazama, wakapiga makofi. Niliketi pale nikatazama magoti yangu. Nilimchukia kila aliyepiga makofi, na nilijichukia zaidi kwa kutosimama nikasema.

Nilikaa nalo miezi. Kila usiku nilimdondoshea matone, nikijua jicho la kushoto naliwekea kwa sababu tu daktari alisema liwekwe. Hatimaye, Jumapili moja mchana, mama akiwa anachambua mboga ya saga kwa vidole, jani moja moja, nikakaa chini mkekani nikamwambia yote. Nikamwambia yule kijana wa kanisani alisema presha ya macho na mimi nikaisikia presha tu. Nikamwambia dawa aliyopewa ilikuwa ndiyo hii hii ninayomwekea sasa. Nikamwambia kwamba kama angeitumia tangu siku ile, huenda angekuwa barazani wakati huu anashona.

Alimaliza shina alilokuwa ameshika. Akalitupa, akachukua jingine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Jina sikujua. Nilijua tu si ile ya mkono, kwa sababu yule kijana aliniangalia macho, mkono hakunishika. Nilitaka kurudi kwa laini nimuulize mwenyewe."

"Na kwa nini hukurudi?"

Vidole vyake viliendelea kutafuta majani.

"Nilikuwa nimekuuliza mara mbili," akasema, "na uso wako ukabadilika. Siku hizo uso wako nilikuwa bado nauona vizuri."