Penalti Iliyokutwa na King'ora

Ghizlan alikuwa mwoga, na sisemi hivi kumsengenya, maana mwenyewe alikuwa akisema. Mbwa akibweka mtaa wa pili, yeye huyo anabadili njia. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi sahani za udongo mtaani kwao Kilima cha Tanuri, mjini Asfi, kazi ya kimya isiyomgombanisha mtu na mtu. Sasa kiumbe wa namna hiyo kilimpeleka nini kwenye kozi ya urefa? Aliupenda mpira tangu utotoni na kuucheza hawakumruhusu, basi.

"Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake," mama yake alimwambia. "We lako unalipeleka motoni mwenyewe."

Sheria hazikumpa taabu. Alizisoma huku anapaka sahani, na mtihani wa kuandika akawashinda wanaume wote darasani. Balaa lilikuwa uwanjani. Mechi yake ya kwanza ya mazoezi, beki mmoja aliushika mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari, waziwazi, mbele ya macho yake. Filimbi ilikuwa mdomoni. Yule beki akamkazia macho, na Ghizlan akaitoa filimbi mdomoni. Mchezo ukaendelea.

Mwalimu wao, Mzee Buazza, alikuwa refa mstaafu mwenye goti bovu na ulimi mzima. Akamwita pembeni.

"Uliona?"

"Niliona, mwalimu."

"Mbona hukupuliza?"

"Niliogopa."

"Angalau husemi uongo. Sikiliza, binti yangu. Refa asiyeona nitamtafutia miwani. Refa anayeona akanyamaza, huyo sina dawa yake. Nakupa mechi moja zaidi. Ukiimeza tena, filimbi unairudisha mezani kwangu."

Mechi hiyo moja ikaja kuwa ile ambayo mtu mwenye akili angeikimbia. Ilikuwa fainali ya mashindano ya Ramadhani, Kilima cha Tanuri na Bandarini. Refa aliyepangwa aliamka na homa, likabaki jina la Ghizlan. Ni kweli kipa wa Kilima alikuwa Redwan, mdogo wake wa tumbo moja, na Mzee Buazza aliwauliza Bandarini kama wanakubali. Nahodha wao, Jawad, akajibu, "Mlete. Heri mwoga kuliko mwizi."

Watu wa Kilima nao walikubali haraka, wakijua huyo ni wao. Na sare tu iliwatosha kuchukua kombe, kwa kuwa walikuwa na mabao mengi kuliko Bandarini katika mechi zilizotangulia. Ghizlan hakulala vizuri. Refa wa mwaka uliopita, Kilima walipofungwa, alijifungia kwenye stoo ya tanuri mpaka polisi walipokuja kumtoa, na waliompigia mlango mateke ni majirani anaowasalimia kila asubuhi.

Mechi za Ramadhani huanza baada ya alasiri na kuisha kabla ya king'ora cha magharibi. King'ora kikilia hata mpira unaachwa ubiringike peke yake, kila mtu anakimbilia futari. Ndivyo ilivyo na hakuna anayebishana. Siku ile jeneza lilipita, wakasimama kwa heshima mpaka lilipotoweka, wakachelewa kuanza robo saa nzima.

Dakika za mwisho zikawakuta hawajafungana. Midomo mikavu, hasira juu. Jawad akapiga mpira langoni, na beki wa Kilima, mtoto wa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akautoa kwa mkono.

Ghizlan alipuliza. Hata yeye alishtuka kusikia mlio. Akaonyesha penalti, na uwanja ukachemka.

"Dada Ghizlan, umerogwa?"

"Nyumbani utarudi kupitia wapi leo?"

Wakamzunguka. Akawarudisha nyuma kwa mikono, akauweka mpira mahali pake, Jawad akasogea. Hapo hapo king'ora kikalia.

Na Ghizlan, ambaye tangu alipoanza kufunga akiwa na miaka saba sauti ile kwake ilimaanisha kazi imekwisha, akapuliza filimbi ya mwisho. Mkono ulijipeleka wenyewe. Watu wa Kilima wakapiga vigelegele, wakaanza kutawanyika.

Ndipo akili ikamrudia. Penalti ikishatolewa lazima ipigwe, hata muda ukiisha. King'ora si saa ya refa. Alikuwa amekosea, na kosa limewapa kombe ndugu zake. Lakini alikumbuka na la pili: refa akishapuliza mwisho na kutoka uwanjani, uamuzi haurudi tena. Akiwa bado ndani, anaweza kujirekebisha. Mstari wa pembeni ulikuwa hatua mbili kutoka kiatu chake.

Redwan alimfikia kwanza. Alimjua dada yake, na alizijua sheria.

"Vuka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Vuka tu, dada. King'ora kimelia, nani atakulaumu? Nakuomba. Watatuchomea nyumba."

Alitamani kuvuka. Mungu ni shahidi, hakuna kitu alichowahi kukitamani kama mstari ule. Jawad alikuwa amesimama peke yake kwenye mpira. Mzee Buazza alitafuna tende yake pembeni.

"Rudi golini, Redwan," alisema. "Nimekosea. Penalti inapigwa."

Redwan akarudi golini. Waliokuwa wanaondoka wakageuka. Chupa ikampita sikioni. Akapuliza, Jawad akapiga, mpira ukaingia kushoto, Redwan karuka kulia. Akapuliza mwisho.

Mzee Buazza alimwambia neno moja, "Umefaulu," akachechemea kwenda kufuturu. Mwenzangu, kufaulu kukusaidie nini na kundi linakusubiri mdomoni mwa kichochoro? Ghizlan alisimama akiwatazama. Redwan akapita mbele yake, glavu bado mikononi, uso umemvimba kwa kulia.

"Usiniongeleshe," alisema. "Tembea nyuma yangu."

Wakapita katikati ya watu. Walimtukana yeye, wakamtukana na Redwan kwa ajili yake, mmoja akatema mate, yakamwangukia Redwan begani. Hakusimama wala hakuyafuta.

Nyumbani mama yao alikuwa mlangoni, sufuria ya supu ya harira inapoa. "Imekuwaje?"

"Tumefungwa," Redwan alisema.

"Na huyu?"

"Alikuwa sahihi."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, na futari hakuigusa. Ghizlan alikaa mbele ya bakuli lake, hajachota hata kijiko kimoja, akimsikia mdogo wake akilia upande wa pili wa ukuta.