Mstari Uliopita Mbele ya Nyumba ya Mdogo Wangu

Mipaka ya wabunge wa jimbo moja la Amerika niliijua kabla sijamjua diwani wa Berea. Diwani wa Berea hata leo simjui. Miaka yote niliyokaa hapa Johannesburg sijapiga kura na hakuna aliyewahi kuniomba. Lakini ile ramani yao mpya mdogo wangu alinitumia kwenye simu, nikaivuta kwa vidole mpaka nikaiona barabara yake. Mstari ulipita katikati ya lami. Nyumba za kushoto zilibaki kwa mbunge wao wa zamani. Nyumba za kulia zilipewa mtu mwingine, mfugaji wa ng'ombe anayekaa mbali sana na mji. Mdogo wangu anakaa kulia.

Jina la jimbo siliandiki, yeye bado yuko kule. Waliotukosea nitawataja kwa kazi zao, inatosha.

Mimi ni mshonaji. Nilisoma mpaka la nne kule Uvira, Kongo, halafu vita ikaja, na shule ikaishia hapo. Mume wangu waliniulia Soweto, siku walipovunja maduka ya wageni. Mimi nilinusurika nyuma ya kabati la mama mmoja wa Kizulu aliyenifungia ndani. Aliyewaonyesha kwamba spaza yetu, kiduka cha pale nyumbani, ni ya wageni ni jirani wa nyumba ya pili, fundi bomba, aliyekuwa akinunua mkate kwetu kila asubuhi. Bado yupo pale, wananiambia amenenepa. Hayo nayasema ili msomaji ajue ni nani anaandika. Ninachotaka kueleza ni habari ya mama yangu.

Mama alinifuata huku kutoka kambini Tanzania. Mdogo wangu yeye alichukuliwa kutoka kambi hiyohiyo akapelekwa Amerika, akapata kazi kwenye kiwanda cha kukata nyama, na alipopewa uraia jambo la kwanza alilofanya ni kumwombea mama viza. Mama ana sukari. Mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda kwenye kisigino, kidogo tu mwanzoni, cha kufunga kitambaa. Dawa zake tulikuwa tunazipata kliniki, mpaka wale vijana walipoanza kusimama mlangoni.

Nawataja hao pia. Vijana wenye fulana za rangi moja, wanaosimama kwenye geti la kliniki kama waliajiriwa na serikali, wanauliza kitambulisho. Mmoja alimwangalia mama na fimbo yake, akasema kwa upole kabisa, "Gogo, hamba ekhaya." Bibi, nenda kwenu. Mama hajui Kizulu, akamshukuru. Tukageuka. Muuguzi alikuwa dirishani, alituona, akafunga pazia.

Kwa hiyo mama ilikuwa lazima aondoke. Si kwa kutaka Amerika. Kule mdogo wangu ana daktari, na daktari hana mtu mlangoni.

Mahojiano ya viza yalifanyika hapahapa mjini. Wakamwambia mama kila kitu ni sawa, nendeni mngoje, umebaki uchunguzi kidogo. Ule uchunguzi kidogo ukapita baridi, ukapita mvua, kidonda kikapanda kutoka kisigino mpaka kwenye kifundo. Ndipo mtu fulani kiwandani akamwambia mdogo wangu aende kwa mbunge.

Mimi nilicheka. Kwetu mbunge unamwona siku ya kugawa chumvi na fulana. Kumbe kule mbunge wa Kongresi ana ofisi mjini, na ndani yake kuna msichana ambaye kazi yake ni kufuatilia mafaili ya watu wa eneo lake tu. Mbunge wa mdogo wangu alikuwa mama mmoja mzee. Watu wetu walimpenda kwa sababu alikuwa anakuja kwenye vilio vyao, anakaa chini kwenye mkeka na viatu amevua. Msichana wake akaandika barua moja. Ofisi ya viza iliyokuwa imelala ikaamka, ikamwita mama kutoa alama za vidole upya. Akaandika ya pili, wakatuambia tupime afya upya. Faili ilitembea. Nilianza kumshonea mama koti.

Halafu wakachora ile ramani.

Walioichora ni wanaume wa bunge la jimbo lenyewe, waliotaka chama chao kipate viti vingi. Mji wa mdogo wangu wakaukata kama mkate, kila kipande wakakiunga na mashamba, ili watu wa mjini wawe wachache kila mahali. Hata wao hawakuficha, walisema hivyo kwenye televisheni wakitabasamu. Hawamjui mama yangu. Nasema tu kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwao.

Msichana wa ofisi alimweleza mdogo wangu vizuri. Alisema: mpaka mwezi wa kwanza bado wewe ni mtu wetu, tutaandika. Baada ya hapo utakuwa mtu wa mbunge mpya wa upande wako. Kwenye upande huo walikuwa wanashindana wawili: yule mfugaji, ambaye mambo ya wageni hakutaka kuyasikia, na mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye jina lake mdogo wangu hakuambiwa, aliyeahidi kwamba akipita atayachukua mafaili yote na ataendelea pale mama mbunge alipofikia. Basi. Hata mtu wa la nne kama mimi nilielewa. Wa kushoto wampigie mama mbunge, wa kulia wampigie mwalimu.

Msichana alimweleza mdogo wangu habari ya mafaili tu. Habari ya karatasi ya kura, nani atakuta jina la nani, alimpa prezida, mwenyekiti wa jamii yetu kule, ili awafundishe watu wote pamoja. Na hapo ndipo tulipokufa.

Prezida zamani alikuwa mkaguzi wa shule. Ana suti, anazungumza Kifaransa akikasirika. Aliita mkutano kanisani akasema: huyu mama ametuzikia watu wetu, sasa ni siku yake ya shukrani, tutampigia kura wote kama nyumba moja. Na kwetu shukrani haijafika mpaka watu wamevaa nguo moja. Kwenye harusi sare, kwenye kilio sare. Akachagua kitenge cha kijani chenye picha za feni. Kushona akaniletea mimi, maana mafundi wa kule ni ghali, na kulikuwa na mtu wetu anayesafiri ambaye angebeba mzigo.

Vipimo vilikuja kwa simu. Nilishona kwenye kibanda chetu hapa Marshalltown, ninachogawana na kaka mmoja wa Tanga anayetengeneza simu.

"Dada, hii harusi ya nani?" akaniuliza, maana feni zilikuwa zimejaa mpaka kwenye meza yake.

"Si harusi. Uchaguzi."

"Wa wapi?"

"Amerika."

Akaweka bisibisi chini. "Eish. Mama wa Kongo! Hapa hata diwani humjui, unawashonea Wamarekani nguo za kura?"

"Si Wamarekani. Ni sisi."

"Wallahi, nyie Wakongo hamwendi mahali bila sare. Mkiambiwa kiyama ni kesho, mtauliza kitenge gani."

Nilicheka. Mtu akinichekesha bado nacheka, mdomo unajua njia yake. Lakini nilipokuwa nafunga mzigo swali lilinikaa, nikampigia prezida mwenyewe.

"Prezida, samahani. Hawa wa upande wa kulia, nao watampigia nani?"

"Mama mbunge."

"Lakini mdogo wangu anasema ramani..."

"Mama," akasema, "wewe shona."

Nikashona. Mimi ni nani wa kumfundisha mkaguzi.

Siku ya kura ilikuwa asubuhi kwao, huku jioni, sijafunga kibanda. Mdogo wangu akapiga video. Wanawake walikuwa nje ya kituo, kijani kitupu, wanaimba, kola zimekaa vizuri. Nikaangalia mikono ya nguo nilizoshona, hakuna iliyovuta. Lakini yeye alisogea pembeni akaweka mdomo kwenye simu.

"Yaya," akasema, ananiita yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, "jina ya mama mbunge haikuwa mule."

"Haikuwa wapi?"

"Mu karatasi. Nilitafuta juu, nilitafuta chini. Iko ya mufugaji na ya mutu ingine. Nikasema labda wamenipa karatasi mbaya. Niliogopa kuuliza, unajua mi na Kingereza."

"Ukafanya nini?"

"Ile mustari nikaiacha bure. Zingine nikajaza."

"Huyo mtu mwingine ni mwalimu. Ni mwalimu!"

"Sasa ningejua je, yaya? Prezida alisema tusiguse jina ya mutu ingine, ni kumusaliti mama."

Nyuma yake bado walikuwa wanaimba. Wengi wa kulia walifanya kama yeye. Mmoja aliandika jina la mama mbunge kwa mkono wake pale chini, akatoka akijisifu kwamba amewashinda ujanja wachora ramani. Kura ile haikuhesabiwa. Mbunge kwa watu wetu ni mtu, si mstari. Ukishakula naye kwenye kilio amekuwa wako, uhamie wapi sijui, atakufuata. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo walivyopiga kura.

Mfugaji akashinda. Mama mbunge naye upande wake akaanguka, walikuwa wamemjazia watu wa mashamba wasiomjua. Kaka wa Tanga aliniuliza matokeo, nikamwambia. Hakutania. Alininunulia chai, akarudi kwenye simu zake.

Baadaye mdogo wangu alikwenda kumshukuru yule msichana wa ofisi, na ndipo msichana akashangaa: kwani prezida hakuwaambia? Yeye alikuwa amempa majina yote mawili, la kushoto na la kulia, akamwonyesha hata mfano wa karatasi. Nikampigia prezida. Safari hii sikuomba samahani.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mama, tulia."

"Ulijua jina halitakuwamo."

Akakohoa. "Sikiliza. Nikiwaambia wa kulia wana mtu wao, wa kushoto wana mtu wao, nimeigawa jamii mara mbili. Kesho wa kulia watataka prezida wao. Ungependa tugawanyike, baada ya yote tuliyopitia?"

"Wachora ramani walikuwa wamekwisha kuwagawa."

"Na hata hivyo mfugaji angeshinda tu," akasema. "*C'est comme ça.*" Ndivyo ilivyo.

Labda angeshinda. Sina hesabu hizo. Lakini prezida alikuwa na jina la mwalimu mfukoni akalikalia ili aendelee kukaa mbele kanisani. Huyo ndiye wa kwanza kwangu, kabla ya mfugaji, kabla ya wachora ramani. Wao hawajawahi kula ugali kwa mama yangu kambini. Yeye alikula.

Mwezi wa kwanza ofisi ya mama mbunge ilifungwa. Msichana aliandika barua ya mwisho kabla ya kutoka, haikujibiwa. Mdogo wangu akaomba ruhusa kiwandani akasafiri mpaka ofisi ya mfugaji. Walimpa maji ya chupa. Walisema faili la ofisi nyingine si la kwao, aanze upya, aache namba. Akaacha namba. Vipimo vya afya vya mama vikapitwa na muda.

Na kidonda hakikuwa kinangojea mtu. Kliniki tulijaribu tena, geti lilikuwa na vijana wengine, fulana zilezile. Nikawa nanunua dawa kwa mtu wa Hillbrow, vidonge visivyo na boksi. Mama hakulalamika. Asubuhi moja alisema vidole vya mguu havisikii. Nikavifinya, nikamwuliza unasikia? Akasema finya. Nilikuwa nimefinya tayari.

Hospitali kubwa ilimpokea kwa sababu alifika hajitambui. Mguu wakaukata chini ya goti.

Mimi nilikaa kwenye korido. Nilitegemea nitalia. Nilikuwa na koti lake kwenye mfuko, nilikuwa nimelitia vifungo njiani kwenye teksi, na nilikaa naangalia kama vifungo vimelingana. Muuguzi alinipita mara nyingi. Mwishoni aliniuliza kama ninajisikia vizuri, nikamwambia ndiyo, na ilikuwa kweli, sikuwa najisikia vibaya wala vizuri.

Mdogo wangu alipiga simu mama akiwa bado wodini. Sauti yake ilikuwa juu. Ofisi ya mfugaji imejibu! Kuna mzee mmoja kule ndani, mtu mwema, amekubali kuandika. Anataka sahihi ya mama tu, karatasi ameshaituma, nikaichape leo hii. Nikaichapa kwenye duka la mtandao nje ya hospitali, nikarudi na kalamu.

Mama alikuwa ameegemea mito, anaangalia pale shuka lilipolala bapa.

"Mguu waliuzika wapi?" akaniuliza.

Nikaenda kumwuliza muuguzi. Nikarudi.

"Hawaziki, mama. Wanachoma."

"Hapahapa Johannesburg?"

"Hapahapa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakula, kijiko kinagonga sahani. Kwetu mtu hazikwi vipande vipande. Mkono ukikatika shambani unazikwa, na mwenye mkono anajulishwa mahali, ili siku yake ikifika alazwe karibu. Nilijua anachofikiri kabla hajasema.

"Nipe simu," akasema.

Nikampa. Hakuishika karatasi, nikaikunja.

"Mwanangu," akamwambia mdogo wangu, "huyo mzee mshukuru. Mwambie aache. Mimi nimeshaanza kuzikwa huku."

Nilimsikia mdogo wangu akisema hapana, akisema mama, akisema ni sahihi tu, mama, sahihi moja. Halafu nikamsikia akilia. Mama alimwacha alie, simu sikioni, kama anavyomsikiliza mtu anayeeleza safari ndefu. Alipomaliza akanirudishia simu bila kukata.

"Mwulize yule muuguzi," akasema, "chakula kinakuja saa ngapi."