Mpiga Picha Hayumo Pichani

Nelius Kaari aliolewa Kibirichia, kwa Wameru, akitoka Embu, na tangu siku aliyoshusha sanduku lake uani, shemeji yake Mbaabu hakuwahi kumpenda. Alimcheka Kiembu chake, akamcheka mapishi yake, akaicheka hata kamera aliyokuja nayo, kamera nzito ya chuma ambayo baba yake mzazi aliitumia studioni kule Runyenjes mpaka akazeeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Nelius alipewa jembe siku ya kwanza, akalima viazi vya boma lile miaka nenda miaka rudi, na bado Mbaabu alipomtaja alisema "yule Muembu". Mumewe Muthomi alipokuwa hai, maneno hayo yalisemwa nyuma ya nyumba. Muthomi alipokufa, yakahamia mezani.

Basi mama yao Mbaabu na Muthomi, aliyeitwa na wote Cucu Kendi, yaani nyanya Kendi, akafikisha miaka themanini, na boma likaamua kumfanyia ibada ya shukrani. Mbaabu akajifanya mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura, lakini huyu ni mtu anayevaa koti la suti kwenda kupalilia viazi, na mtu kama huyo ukimpa kiti hakiachi. Jambo la kwanza alilotaka ni bango kubwa la kutundika mbele ya hema, lenye picha ya Cucu na watu wa boma lake.

Siku ya mkutano alimwaga mezani picha zote za zamani. Ubatizo, harusi za ndugu, mahafali, mazishi ya Muthomi. Akawaambia watu waangalie vizuri.

"Mama Kendi hayuko hapa," akasema, akimnyooshea Nelius kidole. "Hata moja. Mtu ya boma inaweza kosa kwa picha miaka yote hii?"

Nelius akasema kwamba hayuko kwa sababu ni yeye aliyezipiga zote.

"Si ndio hiyo nasema," Mbaabu akajibu. "Wewe ni wa kupiga, si wa kupigwa."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa maana mtu akikuchukia utamjua, lakini mtu anayecheka tu utamfanya nini? Nelius alielewa vizuri maneno yale yalikokuwa yakielekea. Asiyekuwa kwenye bango mwaka huu, mwaka ujao hatakuwa kwenye mgawanyo wa shamba. Muthomi hakuacha wosia wowote, mtoto wao ni mmoja tu, msichana, Kendi, naye yuko chuoni. Kumrudisha Muembu kwao kungekuwa kazi ya alasiri moja.

Lakini Cucu Kendi naye alikuwa na lake. Alisema kama ni picha, atapigiwa jikoni mwake, basi. Mbaabu alikuwa ameshatangaza kwamba jiko lile la mbao litabomolewa hema lipate nafasi, na mama akasema kama linabomolewa apigwe akiwa ndani yake. Tena apigwe kwa ile kamera ya chuma iliyompiga Muthomi akiwa hai. Tena pasiwe na flashi, kwa sababu macho yake yametoka kupasuliwa na hayawezi kustahimili radi. Wajukuu walijaribu kwa simu, sura zikatoka kama uji uliomwagika, na Cucu akawafukuza.

Ndipo Nelius akaanza kuhangaika. Jiko lile ni dogo, limeiva masizi tangu uhuru, na dirisha lake halizidi upana wa sinia. Lenzi aliyorithi kwa baba ilikuwa ya uso wa mtu. Hata akibana mgongo ukutani, ilichukua Cucu na sufuria, mwisho. Na giza la humo ilishindwa nalo kabisa. Alihitaji lenzi pana, inayomeza chumba kizima, na yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga. Wanaojua kamera wanajua mambo haya mawili hayapendi kulala nyumba moja.

Akaenda Meru mjini kwa Kiunga, fundi wa saa na kamera, mtu anayeuza vitu kana kwamba mnunuzi amemtukana mamake. Kiunga akamwekea lenzi tatu kwenye meza. Nelius akaichukua ya kwanza, akaigeuza, akaielekeza dirishani, akafungua tundu lake na kulifunga.

"Mama, hiyo si kitunguu," Kiunga akamwambia.

Nelius akamwambia kitunguu angekinusa pia, akaendelea kuigeuza. Ile ya kwanza iliona mbali kushoto na kulia, ila tundu lake lilikuwa kijicho cha kuku, ya kupigia Mlima Kenya mchana wa jua. Ya pili ilikunywa mwanga vizuri ajabu, lakini ilikuwa nyembamba, ingewakata wajukuu mabega. Ya tatu, ya milimita ishirini na nane, ilikuwa na jicho kubwa kama bakuli na ilikuwa pana. Nelius aliishika na moyo wake ukasema ni hii. Kiunga akamwambia asifurahi mapema. Kamera yake ni ya zamani, haiijui lenzi hiyo. Kidirisha cha kutazamia kinaishia upana wa ile ya pili, kwa hiyo lenzi itachukua vitu ambavyo jicho la mpigaji halikuviona. Kuna kidirisha kingine cha kupachika juu, lakini yeye hana, na asiulizwe atakipata lini.

"Na watu wa pembeni inavuta," akaongeza. "Kichwa inakuwa kama boga. Usiweke mtu unapenda pembeni."

Nelius akacheka, mara ya kwanza tangu ule mkutano. Nyumbani alikuwa pia na kamera ya kisasa ya kupigia harusi za watu kwa malipo; akamwachia Kiunga lenzi yake ndefu, wakabadilishana. Iliuma, nami sitasema haikuuma. Njiani kurudi aliikumbuka lenzi ile kila alipoona kanisa.

Nyumbani hakuiamini ile mpya hivi hivi. Alipanga viazi sakafuni, mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, akatazama kwenye kidirisha akakumbuka kiazi cha mwisho anachokiona kila upande, kisha akapiga. Alipoisafisha filamu bafuni akakuta viazi vingi zaidi, kushoto na kulia, vile vya mwishoni vimerefuka kama mihogo. Akarudia mpaka akaijua lenzi ile kama unavyomjua ng'ombe anayepiga teke.

Siku ya picha wajukuu walijipanga pande mbili za mafiga, Cucu Kendi katikati na kitambaa chake cheupe, na kando yake kigoda kitupu. Nelius aliweka kamera kwenye rafu ya vikombe mkabala na moto, akalenga kwa kulinganisha picha mbili zinazopishana ndani ya kidirisha cha kamera ile mpaka ukingo wa kitambaa cha Cucu ukawa mmoja.

Mbaabu hakuingia. Mwanamume wa Kimeru aliyetahiriwa hakai jikoni kwa mama yake, na Mbaabu, ambaye desturi nyingine zote huzikumbuka zinapomfaa, hii aliishika kwa mikono miwili. Mpango wake ulikuwa apigwe peke yake na mama, nje, kwenye viti vya plastiki, na ndiyo iwe ya bango. Lakini hakutaka kuwa mbali vilevile. Alisimama mlangoni kuhakikisha yule Muembu anabaki nyuma ya kamera. Akauliza kama hapo aliposimama anaonekana.

Nelius akamwambia aje aangalie mwenyewe. Mbaabu akanyoosha mguu mmoja ndani, akainama kwenye rafu, akatia jicho kwenye kidirisha. Akaona mama, moto, wajukuu. Mlango hakuuona. Akaridhika, akarudi kusimama palepale. Nelius akavikumbuka vile viazi vya mwishoni. Alikuwa na haki ya kunyamaza, na alifurahia ukimya ule kuliko chakula.

Kisha akavuta kijiti cha pembeni mwa kamera, ambacho hunguruma kidogo kama nyuki halafu kamera hujifyatua yenyewe, na badala ya kubaki pale akaenda akakalia kigoda kitupu kando ya Cucu.

Mbaabu aliona. Akainua kidole. "Mama Kendi, toka hapo. Hiyo ni picha ya watu ya hapa."

Cucu Kendi hakumtazama. Alishika mkono wa Nelius akauweka gotini mwake.

"Huyu alizaa Kendi," akasema. "Kendi ni mimi. Hii boma yote wake wamezaa, na ni yeye peke yake alinizaa. Wewe unataka kufukuza mama yangu jikoni?"

Kila mtu pale alijua desturi hiyo: binti wa kwanza hubeba jina la nyanya yake mzaa baba, na anayemzaa amemzaa nyanya upya. Wake wengine walipata wavulana watupu. Mbaabu alifungua mdomo kujibu, na kamera ikafyatuka.

Picha ilitoka nzuri kuliko Nelius alivyotarajia. Moshi unaonekana, mikunjo ya Cucu inaonekana, na Nelius yumo, mkono wake ndani ya mkono wa mama mkwe. Na kule ukingoni, mlangoni, mwanga wote wa nje umemwangukia mwanamume mwenye koti la suti, kichwa kimevutika kama boga, mdomo wazi, kidole juu. Cucu aliipenda mara moja akasema hiyo ndiyo ya bango, isikatwe hata kidogo. Mama akishasema, mwenyekiti ni nani?

Kabla ya bango kwenda kuchapishwa, Mbaabu alikuja barazani kwa Nelius. Hakuketi. Aliongea na mlango, akasema ile picha ni mbaya, watu watamcheka kanisani, amwondoe. Kukata ukingo ni kazi ndogo. Alisema tafadhali, neno ambalo Nelius hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nelius aliendelea kumenya viazi.

"Siwezi, shemeji," akasema. "Nikikutoa, kesho mtu atamwaga hizi picha mezani aseme wewe si mtu wa hii boma."

Mbaabu akashuka ngazi. Nelius akaokota kiazi kingine.