Fimbo ya Guyo Niliyoirudisha North Horr

Nimeandika safari hii kwa watu wa kwetu Muthetheni, kwa sababu wengi waliniuliza mtu mwenye mguu kama wangu anatafuta nini jangwani. Nilikuwa napeleka fimbo.

Mwenye fimbo alikuwa Guyo. Ukame ulimaliza ngamia wa kwao North Horr, akashuka na lori la mbuzi mpaka Athi River, na mwisho akafika kwetu mtoni. Tukawa tunapakia mchanga pamoja. Fimbo yake ya kuchungia hakuiacha. Kila asubuhi aliisimamisha juu ya ukingo kabla ya kushuka na koleo. Siku ukingo ulipoanguka, mimi nilitolewa nikiwa nimevunjika nyonga. Guyo alitolewa amekufa.

Sasa nitataja majina, na mwenye kukasirika akasirike. Mutinda, mwenye malori, ndiye alituambia tuchimbe kwa chini, tuingie ndani ya ukingo, kwa sababu huko ndiko kuna mchanga safi. Kila kikundi huwa na mtu mmoja wa kusimama juu, kazi yake ni kuangalia ufa na kupiga kelele. Siku hiyo Mutinda alimtoa huyo mtu akamtuma kupakia lori ingine. Na Nzioki, mwenyekiti wa watu wa mchanga, ndiye aliambia polisi maiti ni ya mpita njia, hajulikani. Guyo akazikwa bila jina. Ndugu yake alipopiga simu kuuliza, Nzioki huyo huyo alimjibu ati Guyo alitoroka na bibi ya mtu. Mimi nilikuwa kitandani hospitalini. Nilipotoka nilikuta wenzangu wameniwekea fimbo, na nilipoomba hiyo nambari, Nzioki akaniambia ameifuta.

Nilipanga kwenda mara mbili ikashindikana. Kwanza mguu ulifura. Halafu mvua ikanyesha upande wa Marsabit, na nikaambiwa jangwa la Chalbi likilowa lori linakwama hapo mpaka ardhi ikauke. Kwa hivyo mwenye kutaka kwenda huko apange kiangazi, abebe maji yake, na kitambaa cha kufunga uso.

Mama Mwende, mke wangu, hakupenda.

"Hao watu hawakujui. Wakisema ni wewe ulimuua?"

"Wacha waseme nikiwa mbele yao."

Akaenda kufunga embe kwa kikapu. "Hizi ni za mama ya huyo kijana," akasema. "Wewe usiguse njiani."

Marsabit nilikuta ukungu na baridi, nikadhani nimepotea njia. Sokoni nikapata lori la unga na sukari linaloenda North Horr. Dereva aliangalia ile fimbo, akaangalia mguu wangu.

"Mzee unatoka wapi?"

"Machakos. Nilikuwa mtu wa mchanga."

"Na unaenda kuona mchanga! Wa kwenu mlimaliza?"

Watu wote juu ya magunia walicheka. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli, tulimaliza.

Baada ya Maikona miti iliisha. Chalbi ni uwanja mweupe wa chumvi, hauna hata kichaka, na mbele unaona maji ambayo ukifika hayako. Nilishika fimbo katikati ya magoti. Huko juu ya magunia nilirudia maneno ya kumwambia mama ya Guyo, na kila nikirudia naona hayatoshi.

North Horr ni mji mdogo wa mabati, mikoma na upepo. Guyo aliwahi kuniambia, "Ukifika uliza nyumba ya mama yangu, Kabale, hata ngamia atakuonyesha." Niliuliza dukani, na aliyejibu alikuwa ndugu yake mwenyewe, Adano. Aliona fimbo mkononi mwangu. Alitangulia tu, mimi nikachechemea nyuma.

Nyumba yao ni ya duara, ya mikeka, nje kidogo ya mji, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga vimeinuka kuliko kanisa letu. Nilipoviona nilisimama. Macho yalianza kutafuta ufa yenyewe.

"Njoo, Mkamba," Adano akasema. "Mchanga huo hauumi."

Mama Kabale alipokea kikapu cha embe, akanipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, halafu buni zilizokaangwa kwa samli, ambazo huko hupewa mgeni pamoja na baraka. Mpaka nimalize, hakuna aliyeuliza kilichonileta, na fimbo ilikuwa imelala hapo katikati yetu. Kisha nikasema yote. Adano alitafsiri.

Mama hakulia. Aliuliza neno moja, na Adano akaligeuza: "Anauliza, mchanga unaua mtu vipi? Watoto wetu wanateleza kwa huo tangu wazaliwe." Halafu akaongeza lake: "Hata mimi nauliza. Ama ni wale wenye malori wamekutuma?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Sikuwaza kwamba watu wanaoishi na mchanga hawataamini unaua. Nilitoka mpaka chini ya kilima, nikachimba kwa mikono kuwaonyesha ukingo. Ulimwagika tu. Mchanga mkavu hausimami.

"Nahitaji maji," nikasema.

"Maji ya kumwaga?" Adano akauliza. "Hapa?"

Mama Kabale aliingia ndani, akarudi na mtungi alioteka kisimani asubuhi. Akaumimina wote mahali nilipoonyesha, bila kuniangalia. Nililowesha mchanga, nikaushindilia, nikakata ukuta wa kufika goti. Ukasimama wima. Juu yake nikasimamisha fimbo, kama alivyokuwa akifanya Guyo mwenyewe. Halafu nikaanza kuchimba kwa chini, kidogo kidogo, kama tulivyoamriwa.

Ulisimama muda mrefu. Mama aliinama karibu kuona. Kisha ukaanguka mara moja, bila sauti, ukafunika mkono wangu mpaka kiwiko, na fimbo ikaangukia miguu yake.

Aliiokota. Akasema maneno machache, na Adano akachelewa kuyatafsiri.

"Anasema, basi hakutoroka."

"Hakutoroka, mama."

Alinifukua mkono yeye mwenyewe.

Asubuhi ya kurudi alinipa agizo. Kwao kaburi hupangwa mawe, na la mtoto wake halina; nikampangie. Niliporudi nilienda kwa mtu wa makaburi ya mjini, akanionyesha mahali alipozikwa Guyo, nikayapanga mawe ya mtoni moja moja, mengine nikiyasukuma kwa goti. Juu nikaweka bati lenye jina la Guyo.

Nilichojifunza ni kwamba mama alikubali kukaa na kiu ili ajue ukweli, na Mutinda na Nzioki, wanaokunywa maji ya bomba, hawajawahi kumpigia hata simu. Malori ya Mutinda bado yanashuka mtoni. Wewe uliye na kijana huko, nenda uangalie juu ya ukingo. Ukikuta hakuna mtu amesimama, usingoje kumuuliza mwenyekiti. Ita mtoto wako kwa jina, atoke.